Habari za Ndege Kutoka Mlangoni

Ndege wa kwanza niliyemtazama kwa makini baada ya kuanza matibabu alikuwa anapigana na mama yangu. Ilikuwa mwisho wa Agosti, asubuhi ya jua na baridi, nami nilikuwa nimekaa dirishani nyumbani kwetu Mount Druitt nimejifunika blanketi mbili. Nikamwona Mama akitokea upande wa bustani ya mtaa mbio mbio, leso imemtoka kichwani, mkoba ameuinua juu ya utosi, na nyuma yake ndege mweusi mwenye mabaka meupe akimshukia, anapaa, anamshukia tena. Mama ana miaka sitini na minane. Sikujua kama bado anaweza kukimbia hivyo. Nilicheka mpaka mshono wa kifuani ukaniuma, na hicho ndicho kicheko changu cha kwanza tangu Julai.

"Huyu ndege ni wa nani?" aliuliza alipoingia, anahema. "Mwenyewe yuko wapi nimwambie?"

Nikamweleza kwamba hana mwenyewe. Anaitwa magpai, na baridi inapoanza kuisha huku, dume hulinda kiota chake na kumshambulia yeyote anayepita chini ya mti. Mama alisikiliza yote, akafunga leso upya, akasema kwamba hata yeye ana watoto lakini hajawahi kumrukia mtu kichwani. Kesho yake alipita njia ile ile akiwa amevaa sufuria.

Ninakuandikia wewe uliyetajiwa jina la ugonjwa huu juzijuzi, ambaye hata sasa unapekua simu ukitafuta mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo. Saratani ni nini, sitakueleza. Madaktari watakueleza vizuri, na ukifika kituo cha basi utakuwa umesahau nusu. Mimi nimebaki na habari ndogo ndogo tu, na kosa moja ambalo karibu liniue. Hilo kosa ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Naitwa Nafula. Kwetu jina hilo hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Mimi ni Mbukusu kutoka sehemu za Kimilili, na kwa miaka tisa nimefanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee hapa Sydney, nikiwaogesha na kuwalisha watu ambao watoto wao wako mbali. Uvimbe niliugundua Juni nikijiogesha mwenyewe. Julai nilipasuliwa, titi la kushoto likaondolewa. Kisha nikapangiwa dozi sita za ile dawa ya mshipa ambayo sote tunaiita kemo, kila baada ya wiki tatu, kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Novemba. Mume wangu Wekesa, anayefanya kazi kwenye ghala la bidhaa, alimtumia Mama tikiti bila kuniuliza. Nilimgombeza, halafu nikaenda bafuni nikalia kwa furaha.

Lakini mama mzazi wa mke, kwa mila ya ukoo wetu, halali chini ya paa la mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, hamtaji jina, wala haingii chumba ambacho mkwe analala na binti yake. Wekesa alipojaribu kusema kwamba hii ni Australia na nyumba ni ya kupanga, Mama alimtuma binti yetu Imani, mwenye miaka tisa, ampelekee jibu sebuleni: "Mwambie baba yako paa ni paa."

"Dad, Kukhu says a roof is a roof," Imani akasema. Kukhu ni bibi kwa Kibukusu.

Aliyetuokoa ni Furaha, Mkongo wa Uvira tunayefanya naye kazi, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya bustani. "Dada, usisumbuke," aliniambia. "Chambre moja iko tu vide kwangu, haina mtu, tangu mtoto alienda université. Mama atalala pale, asubuhi atakuja kwako mguu kwa mguu. Ni dakika kumi."

Basi ikawa hivyo. Wekesa alitoka saa kumi na nusu alfajiri, Mama akafika saa moja. Wekesa alirudi saa nane mchana, na Mama akisikia gari linaingia, alitokea mlango wa nyuma. Walinipokezana kama manesi wanavyopokezana wodi, ila hawa hawakusalimiana. Ripoti zao zilipitia kwa Imani au ziliandikwa kwenye karatasi mezani. Nilichekeshwa na jambo hilo siku za mwanzo. Baadaye lilinichosha.

Siku ambazo nguvu zilikuwepo nilikaa sebuleni. Siku mbaya nilibaki kitandani, na Mama aliweka kigoda chake nje ya mlango wa chumba, akaketi pale akinisemesha. Uji aliusukuma kwenye sinia, nami nikanyoosha mkono kuuchukua. Hakuvuka kizingiti hata mara moja.

Na tulizungumza nini? Ndege. Mama hakuja kutembea Sydney, alikuja kuuguza, kwa hiyo Australia aliyoijua ni ile bustani kati ya kwa Furaha na kwangu: kijito chembamba, majani, viti viwili vya mbao, na mikaratusi mirefu. Miti hiyo ilimshangaza. Kwetu tumeipanda kwa kuni na nguzo tangu zamani, tukidhani ni ya kwetu. "Kumbe huku ndiko kwao," alisema, akiusemesha mti. "Na wamepanuka kweli."

Kila asubuhi alileta habari. Ameona kwarara weupe wakipekua pipa la taka kwa midomo yao mirefu iliyopinda. Ameona kasuku wa rangi zote wakigombana, akasema wangekuwa Kimilili wangeshauzwa. Kuna kindege cha buluu kinachoruka kwa mkia uliosimama, hakitulii. Kuna mwingine anayecheka kama mlevi alfajiri, mpaka Mama akarudi nyuma kumuuliza Furaha kama jirani ana shida. Imani alifungua daftari na kuchora kila ndege kwa maelezo ya bibi yake, na mchoro wa magpai ulikuwa na sufuria pembeni.

Nilipokuwa na umri wa Imani, mimi na Mama tuliamia ndege. Kama hukulelewa shamba: wimbi, yaani ulezi, linapokomaa, ndege huja kwa mamia kulila, na kazi ya watoto ni kukaa kwenye kichanja na kupiga debe tupu, kupiga kelele, kurusha udongo kwa kombeo. Agosti nzima ya likizo ilikwisha hivyo. Mama alikuwa upande wa juu, mimi chini, tukiitana. Alikuwa na sauti ya kuvuka mashamba mawili. Jioni tulirudi makoo yamekauka, yeye mbele na debe kichwani, mimi nyuma nikikanyaga nyayo zake. Nikiwa kitandani, kinywa kimejaa ladha ya chuma na kucha zikiwa nyeusi, nilitamani jioni hizo kuliko nilivyotamani kupona. Sijui kama hilo lina maana. Ndivyo lilivyokuwa.

"Ona sasa," Mama aliniambia siku moja kutoka kwenye kigoda. "Maisha yote nimemwona ndege kama mwizi. Huku sina shamba. Inabidi nimtazame tu."

Nywele zilikwisha baada ya dozi ya pili. Zilibaki kwenye mto kama manyoya baada ya kuku kunyonyolewa. Wekesa aliniondolea zilizobaki kwa mashine, kisha akanyoa na zake. Imani alikataa kunitazama siku mbili. Siku ya tatu akaja na kofia ya sufu ya timu ya shule, akanivika, akasema, "Now you look like a normal bald person." Nikaichukua kama baraka.

Hospitalini nilijifunza kusubiri. Chumba cha kusubiri kina viti vya plastiki vilivyounganishwa, televisheni isiyo na sauti, na watu wanaokwepa kutazamana kwa dozi mbili, na ya tatu wanaanza kuulizana habari za choo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyesoma kurasa za mbio za farasi na kuniuliza nimchagulie jina. Kulikuwa na nesi aliyeniita darling kila mara kabla ya kuniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, hata mara ya nne kwa asubuhi moja. Niliwapenda wote. Kama unaanza, chukua kijiko cha plastiki kutoka nyumbani, chakula kitapungua ladha ya chuma. Nyonya barafu wakati dawa inaingia. Na mtu akikuuliza unajisikiaje, mjibu ukweli. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Septemba ilipokuwa ikiisha, Mama alileta habari ya ndege mpya. Hakuwa amemwona, alikuwa amemsikia tu. Analia juu ya miti kabla jua halijatoka, sauti inapanda, inapanda, halafu inakatika kama mtu aliyekosa la kusema. Bibi mmoja Mzungu mwenye mbwa alimweleza kwa ishara nyingi kwamba ni koeli, anatoka mbali kaskazini, na huku anapolia watu husema mvua inakuja.

"Kama dudumizi!" Mama alisema, na nilisikia kigoda kikigonga sakafu kwa furaha. Dudumizi ndiye ndege wetu wa mvua. Akilia, nyumbani kila mtu hukimbia kuanua nguo. Mama alitoka nje akaanua zangu zote, mbichi. Mvua haikunyesha siku nne.

Furaha naye alimwongezea kwamba koeli hajengi, anataga kwenye kiota cha mwenzake na kuondoka. Mama alimkasirikia ndege huyo juma zima, akimwita mwizi wa viota, mpaka siku moja akajikatiza katikati ya maneno. "Lakini mimi nalala kwa nani?" akasema. Tukacheka, yeye kule, mimi huku.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Walituambia tangu mwanzo, na kadi ikabandikwa kwenye friji: kemo hushusha kinga ya mwili. Ukipata joto la nyuzi thelathini na nane, usisubiri, usilale kwanza, njoo hospitali. Ilikuwa siku ya kumi baada ya dozi ya tatu. Niliamka nikiwa natetemeka. Wekesa alikuwa ameshaondoka, Furaha alikuwa amempitia Imani mapema kumpeleka shule kabla ya zamu yake. Kipimajoto kilikuwa jikoni, hatua kumi na tano. Nilijua. Nimewapima wazee joto miaka tisa, ningewezaje kutojua? Lakini nilifikiria Wekesa akiomba ruhusa kazini tena, Imani akitolewa darasani, Mama akikaa na watu asioelewa lugha yao. Nikajiambia nitalala kidogo.

Mama alifika, akaketi kwenye kigoda chake. "Umeamkaje, mama?" Kwetu mzazi humwita mtoto wa kike mama.

"Niko sawa. Ni kabaridi tu."

"Uji nimekuwekea maziwa."

"Nitakunywa."

Akaanza habari za siku. Ninavyoambiwa, alizungumza saa nzima na nusu. Magpai ameanza kumzoea, leo amemtazama tu. Bata wa kijitoni wametoa vifaranga saba. Mimi nilijibu "ehe" na "kumbe", meno yakigongana chini ya blanketi. Yeye aliamini sauti yangu kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi nusu na kitanda kilikuwa nyuma ya mlango.

Halafu, asema, nikapaza sauti: "Mama, wameingia kwenye wimbi! Piga debe!"

"Wimbi gani, Nafula?"

"La juu. Wameingia wote. Mbona hupigi?"

Sikumbuki nikisema hayo. Ninachokumbuka ni mkono kwenye paji la uso wangu, mkavu, unanuka kitunguu, na uso wa Mama ukiwa karibu kabisa, mahali ambapo haukuwahi kuwa tangu niolewe. Alikuwa amekaa kwenye kitanda chetu. Kabla ya kuingia alikuwa amevua viatu. Wekesa ndiye aliyevikuta baadaye kizingitini, vimepangwa sawasawa.

Mama alichukua simu yangu, akatafuta picha ya Wekesa kwa sababu hakuwa na miwani ya kusomea, akabonyeza. Alipopokea, alimwita kwa jina. "Wekesa. Njoo. Mtoto anawaka moto." Mume wangu ananiambia kwamba kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama huyu, na aliposikia, aliacha toroli katikati ya njia na kukimbia kuelekea maegesho bila kumwambia mtu. Mama naye, bila kumngoja, alibisha kwa jirani akimwonyesha ile kadi ya friji, na gari la wagonjwa likafika pamoja na Wekesa.

Yaliyotokea kwenye chumba cha kusubiri nimeyasikia kwa wote wawili, na kila mmoja ana toleo lake. Wanakubaliana kwamba vilibaki viti viwili tu vilivyo wazi, na walivikalia, bega kwa bega, saa nne. Nesi alipotoka kuuliza nani ni wa Nafula, Mama alisimama akasema kwa Kiingereza chake, "I am the mother. He is my son." Mama anadai alikosa neno la mkwe. Wekesa anasema alijua sana anachosema, kwa sababu alikuwa amemshika mkono.

Daktari alimwambia Wekesa kwamba ningechelewa mpaka mchana ule, habari ingekuwa nyingine. Damu ilikuwa imeingia vijidudu. Nilikaa siku saba kwenye chumba cha peke yangu, dawa zikipita mishipani mikono yote miwili. Usiku wa kwanza Wekesa alibaki nami, na Mama akalala kwetu na Imani. Nasema alilala, lakini yeye hakubali. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni mpaka asubuhi, wima, mkoba mapajani. Kuketi si kulala, anasema, kwa hiyo paa halikuvunjwa.

Siku ya tatu nilipopata fahamu zangu zote, Mama alikuwa kando ya kitanda. Nikatarajia habari za bata.

"Nilikaa pale mlangoni," alisema, "nikikuhadithia vifaranga. Mwanangu yuko hatua tatu anakufa, mimi nahadithia vifaranga."

"Sikujua ni kubwa hivyo, Mama."

"Ulijua."



"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuambia hivyo ukiwa mdogo. Mimi nilificha macho yangu nyuma ya mila, na wewe ukaficha mwili wako nyuma ya mila hiyo hiyo, kwa sababu ilikufaa. Usinifanyie hivyo tena." Halafu alinipaka mafuta miguuni, vidole vyangu vilivyokufa ganzi, kimoja kimoja, akilia bila kujificha. Mimi pia nililia. Nilikuwa nimewapaka wazee wengi mafuta hivyo na sikuwahi kujua kunavyofariji.

Mjomba wangu aliulizwa kwa simu kuhusu mila. Alikohoa, akaamua kwamba Wekesa amnunulie mama mkwe blanketi nzito, na mambo yatakuwa yametengenezwa. Walikwenda madukani pamoja, wakarudi wamegombana kuhusu rangi. Nilifurahia ugomvi ule kuliko dawa.

Dozi ya nne iliahirishwa wiki moja. Ya tano ikaja jakaranda zikiwa zimechanua, na Mama akasimama chini ya mti mmoja akasema angefumba macho angekuwa Kitale. Sasa tulikwenda bustanini pamoja, mimi na fimbo, yeye na leso, bila sufuria kwa kuwa magpai walikuwa wamekwisha kulea. Tulitembea kiti kimoja hadi kingine, tukapumzika. Aliponiuliza "umeamkaje", nilimwambia: nimetapika mara mbili, naogopa, miguu siisikii. Akisha kusikia, ndipo tulipotazama ndege. Niliona kwa macho yangu kindege cha buluu. Ni kidogo kuliko alivyonisimulia, na kizuri zaidi.

Alirudi nyumbani Desemba, wiki moja baada ya dozi ya mwisho. Kwenye uwanja wa ndege alimpa Wekesa mkono mbele ya watu wote, kisha akageuka akaniambia: "Siku ya majibu, nipigie. Yawe mazuri, yawe mabaya, usianze na habari nyingine."

Majibu ya kipimo yalitoka Februari, siku ya joto kali. Daktari alisema maneno mengi. Nilishika machache: hakuna kinachoonekana, tutaendelea kukuangalia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha nje nikampigia. Kwao ilikuwa alfajiri na alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mama, hawakuona kitu," nikasema.

Nilisikia akiiweka simu mezani taratibu bila kukata, nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, halafu sauti ile ya kuvuka mashamba mawili ikaanza kulia uani, mahali alipodhani simu haifiki. Sikukata. Nilikaa pale nikamsikiliza mpaka akamaliza.